Treni Ambayo Haikumgonga Mama Musimbi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Musimbi alimsaidia mama yake kupanga vitunguu, nyanya na sukuma wiki juu ya gunia kando ya reli, pale Laini Saba, Kibera. Treni ilipopiga honi kutoka mbali, akina mama waliouza hapo walishika magunia yao kwenye pembe na kuyavuta nyuma. Treni ikapita ikitikisa ardhi, kisha magunia yakarudi mahali pake na biashara ikaendelea. Watu wazima walikuwa wamezoea. Walivuta magunia huku wakipiga soga, wala hawakukatiza maneno yao hata kidogo.

Musimbi hakuwahi kuzoea. Hata akiwa darasani, honi ilipolia moyo wake uliruka, akamwona mama yake akiinama kuokota kitunguu kilichobingirikia relini. Hofu hiyo hakumwambia baba yake, fundi wa majiko, kwa sababu angemcheka. Hakumwambia mama, kwa sababu angemtia wasiwasi. Alimwambia mtu mmoja tu, naye alikuwa Nereah.

Nereah Amolo alikuwa amehamia Kibera kutoka Kawangware mwaka uliotangulia. Siku za kwanza alikuwa akisimama upande wa pili wa reli akitetemeka, hathubutu kuvuka. Ni Musimbi aliyemshika mkono akamvusha, tena siku nyingi, bila kumcheka. Tangu hapo wakawa chanda na pete. Walikaa dawati moja, wakanywa maziwa ya Nyayo yaliyogawiwa shuleni bega kwa bega, na njiani walizungumza bila kumeza mate. Mtu akimwona mmoja aliuliza mwenzake yuko wapi.

Wote wawili walikuwa darasa la saba, mwaka wa mtihani. Shule yao ilikuwa na sheria moja kali: kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi ni Kiingereza tu, isipokuwa kwenye kipindi cha Kiswahili. Aliyeteleza akasema Kiswahili au lugha ya nyumbani kwao alivishwa diski. Diski ilikuwa kibao cha mviringo kilichotobolewa na kutiwa kamba, kimechakaa, kinanuka jasho la shingo za watoto wa miaka mingi. Aliyeivaa alikuwa na njia moja tu ya kuivua: amsikie mwenzake akiteleza, amvishe yeye. Basi ungemwona mtoto mzima amejibanza nyuma ya choo, ametega sikio kama paka, anamwinda rafiki yake. Aliyekutwa na diski jioni kwenye paredi ndiye aliyeosha vyoo.

Juma hilo diski ilikuwa na uzito zaidi. Jumamosi shule ingekwenda Kawangware kwa mdahalo wa Kiingereza. Mwaka uliopita walikuwa wamekwenda wakarudi na aibu, maana wanafunzi wa huko waliwacheka mpaka wakashika mbavu. Safari hii Mwalimu Shiundu, mwalimu wao wa Kiingereza, alichagua wasemaji wachache, Musimbi akiwa wa kwanza. Nereah aliwekwa kuwa akiba.

"Msemaji atakayekutwa na diski jioni yoyote juma hili atabaki nyumbani," mwalimu alisema. "Hata wewe wa akiba. Siwezi kumpeleka Kawangware mtu asiyeweza kumaliza siku moja kwa Kiingereza."

Musimbi aliipata nafasi ile kwa jasho lake. Mama yake alifungia wateja vitunguu kwa magazeti ya zamani, na Musimbi alisoma kila kipande kabla hakijaondoka, hata matangazo ya vifo na ya matairi. Mama naye alikwisha kuwatangazia akina mama wote wa reli. "Mwanangu ndiye anayeanza kusema," aliwaambia. Na kwa kuwa wengine hawakujua mdahalo ni nini, aliwaeleza kwamba ni kama kesi, ila hakuna anayefungwa.

Jumatano mchana Musimbi alikuwa kwenye mfereji wa maji wa shule akinawa mikono. Hakujua kwamba diski ilikuwa shingoni mwa Nereah, imefichwa ndani ya sweta. Asubuhi hiyo mvulana mmoja, Ouma, alikuwa amemkanyaga Nereah mguu makusudi. Nereah akafoka, "Wewe, huoni?" Ouma akavua diski akamvisha, akaenda zake akipiga mluzi. Tangu hapo Nereah alikuwa ameuzunguka uwanja wote akitafuta wa kumpokeza, lakini siku hiyo kila mtu alikuwa amefunga mdomo, na jioni ilikuwa inakaribia.

Basi Nereah alikuja mbio pale mferejini, mikono kichwani, macho yamemtoka.

"Musimbi! *Your mother!*" alipiga kelele. "*Your mother! Train!*"

"Mama!" Musimbi alilia. "Mama wee! Yuko wapi? Nereah, mama yangu yuko wapi?"

Hakusikia vicheko vilivyoanza nyuma yake. Alihisi tu mikono ya Nereah ikimpitia kichwani upesi, akadhani rafiki yake anamkumbatia. Alijichomoa akatoka mbio, akapenya kwenye ua wa michongoma bila kuomba ruhusa ya mtu yeyote. Miiba ilimchana mkono, hakuijua. Alipita vibanda, akaruka mitaro, akawapita mafundi waliokuwa wakigonga mabati. Kiatu kimoja kilimtoka, akakiacha. "Mungu, si leo," aliomba huku akihema. "Mungu, nakuomba, si mama."

Alipofika relini hakukuwa na umati. Hakukuwa na kilio. Mama yake alikuwa ameketi kwenye kigoda chake, anabishana na mteja kuhusu nyanya.

Musimbi alimrukia akamkumbatia shingoni, nusura wote wawili waanguke juu ya sukuma wiki. Alilia kwa sauti, akimpapasa mama mabega na mikono, kama anayetafuta palipovunjika.

"Musimbi! Kuna nini? Kumetokea nini shuleni?" mama aliuliza kwa hofu.

"Wameniambia treni imekugonga!"

Akina mama waliokuwa hapo wakaacha soga zao. Jirani yake, Nthenya, muuza ndizi, alishika kifua. "Uwi! Toba!" alisema. "Nani huyo anayelilia watu walio hai?"

Mama Musimbi alimshika binti yake mashavu, akamtazama vizuri. Hapo ndipo alipoiona kamba. "Na hii iliyo shingoni mwako ni nini?"

Musimbi aliinamisha macho. Kibao kilikuwa kinaning'inia kifuani pake. Alikishika, akakigeuza, asiamini. Kisha akakumbuka ile mikono iliyompitia kichwani, na vile vicheko. Loo! Kumbe hakukumbatiwa. Alikuwa amevishwa.

"Ni Nereah," alisema polepole. "Nereah anajua naogopa treni. Nilimwambia yeye peke yake."

Kwa watu wa kwao, kumtangazia mtu kifo akiwa mzima hakukuwa mchezo, hata kwa mtoto. Nthenya alitaka waende shuleni saa hiyo hiyo wote wawili, yeye mbele. Lakini Musimbi alifuta machozi. "Wacha niende mwenyewe, mama. Mwalimu Shiundu ni mtu wa haki. Nikimweleza atanielewa."

Maskini, aliamini hivyo kabisa. Alirudi shule, akakiokota kiatu chake njiani.

Jioni wanafunzi walijipanga uwanjani. Mwalimu Shiundu alisimama mbele akauliza diski iko kwa nani. Musimbi alitoka mstarini. Minong'ono ilipita kama upepo kwenye mahindi. Msemaji wa kwanza! Kwenye paredi hakuna aliyeruhusiwa kusema ila kwa Kiingereza, hata mwenye kujitetea. Musimbi alifungua mdomo, na maneno yote aliyoyasoma kwenye magazeti ya vitunguu yakamkimbia. Alijua kusema soko, nyumba, serikali, uchumi. Hakujua kusema alichotendewa.

Alisema kwamba Nereah, kwamba mama, kwamba treni. Kwamba treni ilikuja. Hapana, haikuja. Watoto wakaanza kucheka. Alijaribu tena, akachanganya zaidi, na vicheko vikaongezeka.

"Ulitoka nje ya shule bila ruhusa?" mwalimu aliuliza.

"Ndiyo, mwalimu."

"Kuna mtu aliyekusukuma utoke?"

Musimbi aligeuka akamtazama Nereah. Hakuwa na mtu mwingine wa kumtazama. Alikuwa na hakika kwamba mzaha ule umetosha, na kwamba sasa Nereah atatoka mstarini aseme. Neno moja tu lingemtosha. Alingoja. Nereah aliinamia viatu vyake, akavitazama kana kwamba ndiyo kwanza anaviona. Ouma alikuwa pale, na wote waliokuwa mferejini, na hakuna aliyefungua kinywa.

"Basi," mwalimu alisema kwa masikitiko, akiipokea diski. "Jumamosi utabaki. Nereah atachukua nafasi yako."

Nereah hakukataa. Hilo ndilo lililomchoma Musimbi kuliko mengine yote. Alichukua ufagio na ndoo akaenda kuosha vyoo, na kila alipokoroga dawa alijiuliza ni lini amewahi kumkosea yule msichana. Waliosema kikulacho ki nguoni mwako hawakukosea. Alipomaliza alikwenda kumtafuta Mwalimu Shiundu amweleze kwa Kiswahili, lakini mwalimu alikwisha ondoka kwenda kwake. Nyumbani, mama alipompakulia ugali, aliutazama tu. Mama aliapa kwamba asubuhi atakwenda shuleni. Musimbi alimsihi asiende, kwa sababu shule nzima ingecheka kwa mara ya tatu.

Siku ya pili, Alhamisi, Musimbi alikaa pembeni kabisa mwa dawati, akaweka mkoba wake katikati. Nereah alinong'ona kitu, hakumjibu.

Kipindi cha kwanza kilikuwa Kiingereza. Mwalimu Shiundu alikuwa ameandika ubaoni hadithi fupi ya kujizoeza kwa mtihani. Ilihusu kijana aliyeitwa Juma, ambaye baba yake alikuwa mgonjwa, ikabidi yeye apeleke ng'ombe mnadani. Rafiki yake Petro alimwahidi kwamba alfajiri atakuja kumsaidia kuwaswaga. Juma alingoja njia panda mpaka jua likawa kali. Petro alikuwa kitandani, amejifunika blanketi. Juma alikwenda peke yake, ng'ombe mmoja akapotea msituni. Jioni aliketi juu ya jiwe, na alipoletewa chakula hakutaka kula. Chini ya hadithi mwalimu alikuwa amepigia mstari maneno yaliyosema Petro alimfanyia nini Juma: *let him down*.

"Maana yake nini kwa Kiswahili?" mwalimu aliuliza.

Walifungua kamusi. Neno la kwanza, kuruhusu. Neno la mwisho, chini. Walikuna vichwa. Ishmael, ambaye hakujua kuogopa kukosea, aliinua mkono. "Mwalimu, Petro alimteremsha Juma."

"Alimteremsha kutoka wapi, Ishmael? Juma alikuwa amepanda wapi?"

Darasa likacheka, hata Ishmael mwenyewe. Mwalimu alipoona macho yao yote ni mapana na hayana kitu ndani, aliamua kusema Kiswahili, akawaruhusu nao wamjibu hivyo. Yeye ndiye mtu pekee shuleni ambaye diski haikumfikia.

"Sikilizeni," alisema. "Maneno haya yameoana. Ukiwauliza mmoja mmoja, kila mmoja atakwambia habari zake za zamani, kabla ya ndoa. Sasa wana maana yao wakiwa pamoja. Mtaijuaje? Ukihamia ploti mpya na unataka kumjua mpangaji wa chumba cha pili, utafanya nini?"

"Nitauliza majirani," Ouma alisema.

"Haya. Waulizeni majirani wa maneno haya. Sentensi iliyotangulia inasema nini? Iliyofuata inasema nini? Nani aliahidi? Nani alingoja? Aliyengoja alijisikiaje?"

Musimbi alikuwa hasikilizi sana. Lakini macho yake yalikwenda ubaoni, yakaanza kusoma tena kutoka juu. Aliahidi. Alingoja njia panda. Jua likawa kali. Alikwenda peke yake. Hakutaka kula. Alipofika hapo kwenye chakula alisimama, kwa sababu aliujua ule ugali usiopita kooni. Aliijua njia panda ile pia. Ilikuwa pale uwanjani, mbele ya watu wote. Alirudi kwenye maneno yaliyopigiwa mstari, na safari hii hayakuwa mageni. Ndiyo maneno aliyoyatafuta jana kwenye paredi akayakosa!

Aliinua mkono. Mwalimu alishangaa kidogo, kisha akamwita.

"Ni kumtegemea mtu," Musimbi alisema. "Unamtegemea kabisa, mwalimu. Halafu ile saa unayomhitaji ikifika, anakuacha peke yako."

"Vizuri sana!" mwalimu alisema. "Hiyo ndiyo maana yake hasa. Sasa tunga sentensi yako mwenyewe, kwa Kiingereza, ili nijue hukubahatisha."

Musimbi alisimama wima. Hakutafuta neno hata moja.

"*Yesterday I waited for Nereah to tell the truth*," alisema, "*and she let me down.*"

Chaki ilisimama mkononi mwa mwalimu. Kila mtu darasani alielewa, hata wale ambao jana walicheka: jana alimngoja Nereah aseme ukweli, naye Nereah akamwacha. Ishmael aliyekuwa amebaki na tabasamu la mzaha wake alilimeza.

"Ukweli gani?" mwalimu aliuliza. Musimbi alipofungua mdomo ajaribu tena kwa Kiingereza, mwalimu alitikisa kichwa. "Sema kwa Kiswahili. Hapa mbele yangu, leo, hakuna diski."

Basi Musimbi alisema yote. Alisema mfereji, alisema mikono kichwani, alisema alivyokimbia akimwomba Mungu, na alivyomkuta mama yake mzima akiuza nyanya, na kibao shingoni. Alisema bila kulia. Aliyelia alikuwa Nereah.

"Nereah, ni kweli?" mwalimu aliuliza.

Nereah alisimama akishika dawati. "Ni kweli, mwalimu. Ouma alinivisha diski asubuhi, nikaogopa kuachwa. Kule Kawangware wenzangu wa zamani walisema nikija Kibera nitakuwa bure tu. Nilitaka wanione nimekuja na timu." Alivuta kamasi. "Nilitaka kuondoa diski tu. Lakini uliponipa nafasi yake, nikanyamaza."

"Na nani mwingine aliona?"

Mkono wa Ouma ukapanda. Mwingine ukafuata, na mwingine nyuma, mpaka mwalimu akawa hana haja ya kutazama zaidi. Alikaa kwenye kiti chake, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi wakati wa kipindi.

"Mlinyamaza wote," alisema, "na mimi sikuuliza vizuri. Nilimwona mtoto amesimama na diski shingoni, nikaitazama diski, nikasahau kumtazama mtoto. Musimbi, nafasi yako ni yako. Jumamosi wewe ndiye utakayeanza. Nereah, wewe utarudi kuwa akiba, na leo vyoo ni vyako. Tena baada ya vyoo utakwenda kumwona mama yake Musimbi, kwa sababu kosa lako halikuishia hapa shuleni. Na hii," akainua diski akaifungia kwenye droo ya meza yake, "nitazungumza na mwalimu mkuu. Kiingereza kinachowafanya muwindane sikitaki darasani kwangu."

Jioni ile Nereah alikwenda relini. Musimbi alitangulia hatua kadhaa mbele, hakumngoja wala hakumfukuza. Walipofika kwenye reli Nereah alisita upande wa pili kama zile siku zake za kwanza. Musimbi alikwisha kuvuka. Alitazama nyuma, akaona vidole vya rafiki yake vikipapasa hewa, lakini hakurudi kumshika mkono. Nereah alivuka peke yake.

"Mama," Nereah alianza. "Mama, nisamehe. Nilisema uongo kwamba treni imekugonga."

Nthenya alifyonza kwa nguvu. "Na bado una mdomo wa kusemea!" alisema. Mama Musimbi alimnyamazisha kwa mkono, akamsogezea Nereah debe tupu akalie.

"Mimi nimekusamehe," alisema. "Mimi sijafa, unaniona. Lakini nataka nikuulize swali moja, na ujibu. Hapa tunapokaa, treni hupita kila siku. Siku ikinigonga kweli, na wewe ndiye uliyeona, utakwenda shuleni umwambie Musimbi nini?"

Nereah aliitazama reli.

"Utamwambia, 'Musimbi, mama yako.' Naye atasema, 'Ameanza tena.' Atanawa mikono yake mferejini, aende zake darasani. Na mimi nimelala hapa." Mama alipiga gunia kwa kiganja. "Hicho ndicho ulichomnyang'anya mwanangu jana. Si nafasi ya Kawangware. Ulimnyang'anya mtu wa kumwamini."

Nereah alijiinamia akalia hasa, mabega yakimtikisika. Musimbi alimtazama. Alikuwa amengoja tangu jana kumwona akilia hivi, na sasa hakupata raha aliyoitegemea. Alihisi uchungu tu, na uchovu.

"Usilie kwangu," mama alisema, sasa kwa upole. "Wa kuambiwa ni yeye."

Nereah alifuta uso kwa mkono wa sweta. "Musimbi, nilikukosea. Uliniambia siri yako nikaifanya mtego. Na kwenye paredi nilikuona unanitazama. Nilikuona, Musimbi. Nisamehe."

"Nimesikia," Musimbi alijibu.

Nthenya alitaka kusema kitu kuhusu jibu hilo fupi, lakini Mama Musimbi alimwahi. "Hilo linatosha kwa leo. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, nanyi mmekwisha kuuona usaha. Sasa kidonda lazima kikauke. Nereah mwanangu, neno la kuomba msamaha ni zuri, lakini ni kama karatasi ya kuwashia jiko. Huwezi kupikia ugali juu yake. Mtu akikuamini mara ya kwanza, amekupa bure. Mara ya pili utaifanyia kazi, siku baada ya siku, kwa kusema kweli hata inapokuuma. Na wewe Musimbi, usimzibie njia akijaribu. Usimwendee mbio, lakini usimzibie."

Wasichana wote wawili waliitikia. Wateja wa jioni walikuwa wameanza kufika, na mama akageukia vitunguu vyake.

Nereah alisimama, akakung'uta sketi. Alisitasita, akatazama huku na huku, kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Jumamosi mwalimu amesema tukutane shuleni asubuhi. Nikupitie twende pamoja?"

Musimbi alimtazama mama yake apate msaada. Mama alikuwa anahesabu nyanya, hakuinua kichwa. Jambo hilo lilikuwa lake mwenyewe.

"Njoo," Musimbi alisema mwishowe. "Lakini ukichelewa sitakungoja."